Randa Iliyosingiziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia maranda ya jana katika karakana ya baba yake, akachambua misumari iliyochanganyika, kisha akaifuta randa ya kulainishia mbao kwa kitambaa chenye mafuta na kuilaza ubavu katikati ya meza ya kazi. Jina lake halisi lilijulikana kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea. Msichana huyo alisema akifagia, akasema akila, na mama yake aliapa kwamba alisema hata usingizini. Baba yake, fundi seremala, alikuwa mtu wa maneno machache, na kuna siku alimtazama mwanawe kama mtu anayejiuliza kifaranga huyu katotolewa wapi.

Asubuhi moja Chiriku alikuwa akimwigiza mwalimu wa hesabu, mikono hewani, huku kazi ikiendelea nusunusu. Randa akaiacha ukingoni mwa meza. Kiwiko kikaigusa, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, na chuma kikapasuka kuanzia mdomoni mpaka ubavuni.

Baba yake aliiokota, akaigeuzageuza. Hakumpiga wala hakumgombeza. Alisema tu, "Basi."

Neno hilo lilimchoma Chiriku kuliko fimbo. Ukutani zilikuwa zimeegemea mbao za milango ya zahanati, iliyotakiwa wiki hiyohiyo, na mlango haunyooki kwa kuombewa. Bila randa hapakuwa na kazi.

Bahati ikawa kwamba siku hizo kulikuwa na maonyesho ya useremala katika ukumbi mkubwa wa mji. Baba hakuweza kuiacha kazi yake, kwani bado kulikuwa na mbao za kukata. Jumamosi akamkabidhi Chiriku akiba yake yote ya vifaa, ikiwa imekunjwa ndani ya leso.

"Ukumbini usipoteze muda," alimwambia. "Mle ni mashine za umeme, bei zake utaota nazo usiku. Pita moja kwa moja mpaka uani, ndiko wanakouza vifaa vya mkono vilivyotumika. Randa nzuri unaijua. Ilaze rula ya chuma kwenye uso wake wa chini, uinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kati ya rula na randa, imepinda, iache. Usipoona mwanga, patana bei. Mdomo si unao?"

"Ninao, baba."

"Leo angalau utufae."

Chiriku aliondoka na rula ya chuma mfukoni na rafiki yake Mrefu ubavuni. Mrefu walisoma naye darasa moja. Yeye alikuwa na miguu kama nguzo za goli na kicheko ambacho hakikuwa na adabu.

Ukumbini misumeno ya umeme ilipiga kelele hadi meno yakafa ganzi, na mtu mwenye kipaza sauti alikuwa akiwahakikishia watu kwamba bila mashine yake wao si mafundi, ni wachonga mianzi. Wasichana hao wakapita kama walivyoagizwa. Uani kulikuwa kumetulia zaidi. Vifaa vilitandazwa juu ya maturubai: patasi, tupa, misumeno, keekee za kuzungusha kwa mkono. Chiriku alizipima randa moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa na kutu mpaka moyoni. Nyingine ilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi, na mwenye nayo akaapa kwa vitu vyote vya juu na vya chini kwamba ilikuwa mpya. Chiriku alijibizana naye mpaka watu wakacheka. Siku ilianza kuwa tamu.

Mwisho wa safu walimkuta mzee mmoja amekaa juu ya kiti cha kukunja. Watu walimwita Mzee Bawaba, kwa sababu katika ujana wake alitengeneza milango mingi ya mji ule, na mwenyewe hakuchoka kusema kwamba mlango wake hufungwa kwa kidole kimoja. Sasa macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu mweupe, ule uitwao mtoto wa jicho. Fundi asiyeuona mstari wa penseli hana budi kuuza msumeno. Vifaa vyake vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa, vimenolewa, vinang'aa, na mbele kabisa kulikuwa na randa.

"Shikamoo, babu. Naomba niitazame hii."

"Marahaba. Itazame, lakini usije ukaiangusha. Sauti yako ni ya mtu mwenye mikono ya kuangusha vitu."

Mzee alisema kwa utani tu, kama wazee wanavyosema. Hakujua alikuwa anatia kidole kwenye kidonda. Mrefu akacheka, na Chiriku akahisi uso ukimwaka moto.

Aliilaza rula, akaiinua randa kwenye mwanga. Hakuona hata uzi wa mwanga. Akaigeuza, akajaribu upande mwingine, bado hakuona kitu. Hakuwahi kushika randa iliyonyooka namna ile. Moyo wake ukaruka, maana pale pale aliiona milango ya zahanati ikiwa tayari, na baba yake akilisahau lile neno "Basi".

"Babu, bei gani?"

Mzee akataja bei. Leso ya Chiriku haikuifikia.

"Punguza basi, babu. Mimi mtoto wa shule."

"Nikupunguzie kwa nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Uliiona ikikufuata barabarani hiyo? Haina punguzo."

"Lakini nilicho nacho ni hiki tu."

"Basi nunua mpini," alisema Mzee Bawaba. "Chuma kitakuja siku nyingine."

Safari hii walicheka hata wauzaji wa jirani. Chiriku aliumia. Angeweza kumweleza mzee yule habari za baba yake, za zahanati na za randa iliyopasuka. Huenda mzee angemsikiliza, kwa kuwa fundi huijua shida ya fundi. Lakini kwa kumweleza ingebidi akiri aliyeiangusha, na hilo hakulitaka. Akainama tena juu ya randa. Kwenye mdomo wa randa kulikuwa kumebaki kipande kidogo cha maranda, chembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Chiriku akakichomoa kwa ukucha, akakitia chini ya rula, katikati, na kukifunika kwa kidole gumba.

Rula sasa ilikuwa imekalia kitu. Mwanga ukapita pande zote mbili.

"Babu!" akapaza sauti. "Randa yako imepinda!"

"Nini?"

"Imepinda! Njooni mwone, jamani! Mwanga unapita kama dirishani!"

Watu wakasogea. Muuzaji wa turubai la jirani, mtu wa kitambi aliyekuwa hana mteja tangu asubuhi, akainama, akafumba jicho moja. "Loh! Kweli kabisa. Mwanga huu hapa."

Mzee Bawaba akanyoosha mikono, na Chiriku akamshikisha randa bila kuondoa kidole chake pale juu ya rula. Mzee akaiinua usoni, akatazama. Siku hizo yeye aliona weupe kila mahali, kwa hiyo aliuona na pale.

"Kumbe ndiyo maana mlango wa duka langu unasugua sakafu!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Alikuwa anatupinda miaka yote hii," akadakia yule wa kitambi. "Na bei alikuwa hapunguzi!"

Kicheko kikapasuka. Mrefu, aliyekiona kidole cha rafiki yake na kilichokuwa chini yake, alijiziba mdomo na kujipinda kwa kucheka. Vidole vya mzee vilikwenda na kurudi juu ya chuma.

"Tangu lini?" aliuliza. Hakuwa anamwuliza mtu yeyote.

Ilikuwa nafasi ya kuacha. Chiriku aliijua kuwa ni nafasi, na akaiacha ipite, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama yeye kwa mshangao, msichana mdogo aliyembaini fundi mkubwa. Akataja nusu ya pesa zilizokuwa ndani ya leso.

"Chukua," alisema mzee. Hakuzihesabu zile noti. "Na ubao ukikukataa usije kunilaumu. Nimekwisha kukuambia, imepinda."

Walipokuwa wanaondoka, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuchuchumaa mbele ya turubai na gunia lake. "Na hivi vingine, mzee? Tupime kwa kilo tu, yaishe." Chiriku alisikia, lakini hakugeuka. Katika pesa zilizobaki walitoa za soda wakanywa, na Mrefu akaigiza uso wa mzee mpaka soda ikamtoka puani.

Nyumbani, baba aliipima randa mpya kabla hata ya kukaa. Akaipitisha juu ya ubao, na utepe mmoja mwembamba ukatoka kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Uso wake ukafunguka. Mama akaitwa kutoka jikoni aje aone.

"Hii?" baba alisema. "Hii na pesa zikabaki? Mwanangu, umeipataje?"

Kama angenyamaza siku hiyo moja! Lakini Chiriku na kunyamaza wapi na wapi. Aliyasimulia yote, kwa sauti zote, ya mzee, ya wa kitambi, na yake mwenyewe. Akachukua rula, akaokota kipande cha maranda sakafuni, akaonyesha kidole kilivyokaa. Alikuwa bado anacheka alipogundua kwamba anacheka peke yake.

"Macho ya mzee huyo yakoje?" aliuliza baba.

"Yana ukungu, baba. Haoni vizuri."

"Akakuuliza unaona nini?"

"Aliangalia mwenyewe."

"Aliangalia kwa macho gani?"

Chiriku akaiweka chini rula. Baba aliifuta randa, akaifunga ndani ya kitambaa, akaiweka mbali na mbao.

"Kesho asubuhi tunaipeleka kwa mwenyewe."

"Na milango, baba? Si ni kwa ajili yako nili..."

"Usinitwishe mimi. Mimi nilikutuma randa, sikukutuma umvunje mtu."

"Baba yake," mama akaingilia kwa upole, "mtoto huyu. Ipeleke wewe, umweleze mzee mwenzako. Huko kuna watu, watamla mzima."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alijibu baba. "Alisema mbele ya watu, atasema mbele ya watu."

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho. Mzee Bawaba alikuwapo palepale, lakini turubai lake lilikuwa tupu, isipokuwa nyundo mbili za mbao na vipini vichache. Mnunuzi wa vyuma chakavu hanunui mbao.

"Shikamoo, babu. Ni mimi. Wa randa ya jana."

"Imekukataa? Nilikuonya. Pesa sirudishi."

"Haijapinda, babu." Sauti ya Chiriku ilikuwa ndogo kuliko alivyowahi kuisikia. "Niliweka kipande cha maranda chini ya rula. Nilikifunika kwa kidole."

Mzee aliinua uso kuelekea ilikotoka sauti. Kisha akauliza, "Jana ulisema kwa sauti hii?"

"Hapana, babu."

"Basi paza."

Baba akaliburuta kreti tupu mpaka mbele ya turubai. Chiriku akapanda juu yake. Katika umati alimwona Mrefu na dada yake. Alimtazama kwa macho ya kuomba msaada, lakini Mrefu akageuza shingo na kuanza kusoma tangazo la gundi kwa bidii, kama mtu atakayeulizwa kwenye mtihani.

"Jana nilisema randa ya Mzee Bawaba imepinda," Chiriku alisema. "Nilidanganya. Imenyooka. Nilidanganya ili anipunguzie bei."

Watu wakaanza. "Mwizi mdogo!" "Kumbe nyoka!" Mtu akamrushia kiganja cha unga wa mbao, ukamwingia machoni na mdomoni. Yule wa kitambi, aliyecheka kuliko wote jana, ndiye aliyetukana kuliko wote leo. Mama mmoja akamnyooshea kidole baba. "Na mzazi wake amesimama tu! Huyo ndiye kamfundisha, mtoto hayajui haya peke yake." Baba hakujitetea. Alisimama kando ya kreti akayapokea yote, na kwa Chiriku hilo ndilo lililouma kupita unga wa mbao. Akalia mbele yao wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Shuka," alisema Mzee Bawaba. "Sasa nisikilize. Jana nilipofika nyumbani niliupapasa mlango wangu mwenyewe. Nimeutengeneza mimi. Vidole vyangu vikaniambia umepinda. Sikulala, nikaupapasa tena, vikaniambia umepinda. Macho yalipokwisha kuniacha, nilikuwa nimebakiwa na vidole hivi. Vidole hivyo ndivyo ulivyoniibia wewe. Bei si kitu."

Chiriku akasema, "Nisamehe, babu."

"Leo siwezi," mzee akamjibu, na wala hakusema kwa hasira. Akazitoa noti za jana mfukoni, zikiwa zimekunjwa vilevile, akamrudishia baba, na baba akamkabidhi randa.

Mnunuzi wa vyuma chakavu walimkuta karibu na lango, ameketi kando ya mizani. Patasi za mzee zilikuwa ndani ya gunia pamoja na masufuria mabovu na vipande vya mabomba. Misumeno miwili ilikuwa imekunjwa ili gunia lifungike, na msumeno ukishakunjwa haunyooki tena.

"Mnavitaka?" mtu huyo alisema, akimtazama Chiriku mwenye macho mekundu, kisha baba. Alikwisha kusikia habari. "Jana vilikuwa chuma. Leo ni vifaa. Bei ya vifaa mnaijua."

Aliwatajia bei mara tatu ya aliyonunulia, na kila baba aliposema neno, akaongeza. Baba akamalizia humo noti zilizorudishwa, zile zilizobaki katika leso na pesa yake ya nauli. Pesa za soda hazikuwapo, na kwa upungufu huo tupa moja ilibaki ndani ya gunia.

Waliporudi na vile vifaa, fundi mmoja mwanamke alikuwa ameshachutama mbele ya turubai na rula yake mwenyewe. Aliipima randa pande zote, akaiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hainyooki zaidi ya hapa," alisema. "Bei gani, mzee?"

Mzee Bawaba akataja bei ileile ya kwanza. Mwanamke akalipa bila kubishana, akaitia randa kwenye mfuko wake, akaondoka zake. Chiriku aliutazama mfuko ule mpaka ulipopotea kati ya watu. Alijua kwamba hataishika tena, na kwamba baba yake hakuwa tena na pesa wala randa. Walirudi nyumbani kwa miguu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake njia nzima hakusema kitu.

Milango ya zahanati haikungoja. Baba alizungushia msasa kwenye vipande vya mbao, kimoja akakishika yeye, kingine akampa Chiriku. Randa ingemaliza mlango mmoja kabla ya chakula cha mchana. Kwa msasa walisugua wiki nzima, asubuhi kabla ya shule na jioni baada yake, mpaka viganja vya Chiriku vikatoa malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Shuleni hakukuwa na nafuu. Mrefu alikuwa amewasimulia wote, isipokuwa ile sehemu aliyocheka yeye. Kila Chiriku alipofungua mdomo darasani, mtu aliinua rula yake juu na kuichungulia kwa jicho moja, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alikataza. Kesho yake wakaziinua tena alipogeukia ubao.

Milango, isipokuwa mmoja, ilikamilika ikiwa imechelewa. Msimamizi wa zahanati alimsema baba kama mtoto mdogo, akampunguzia malipo, lakini aliichukua, kwa kuwa ilikuwa imenyooka. Ulibaki mlango mmoja tu wa stoo. Jioni hiyo baba na binti walikuwa wameulaza kwenye meza, wakisugua, kila mtu upande wake.

"Baba," Chiriku alisema, "kwani kutafuta bei rahisi ni vibaya?"

"Hapana. Mimi mwenyewe nilikutuma ukaitafute." Baba aliupuliza unga wa mbao, akaupapasa ubao. "Mwenye mali akishusha bei kwa hiari yake, umepata bahati, mshukuru uende zako. Akikataa, mwache na mali yake. Lakini ukimshusha yeye ili bei ishuke, umeiba, hata kama umemlipa mkononi na watu wameona. Na wizi wa namna hiyo haurudishwi wote. Vyuma tulivirudisha, vikapungua. Jina lake tulilirudisha, nalo lina doa. Usiku ule hakulala, na huo hatuwezi kumrudishia kabisa."

Chiriku akaendelea kusugua. Kiganja kilikuwa kinamwuma.

"Atanisamehe?"

"Hilo ni lake, mwanangu, si lako," alisema baba. "Geuza mlango. Upande wa pili bado."